Pampu ya Gogo Tabutany Haikuwa Imekufa

Nyinyi vijana mnaobeba spana siku hizi, kuna neno moja mkilisema mbele yangu damu inanichemka: "Imekufa." Mtu hajafungua hata skrubu moja. Amesimama mlangoni, mikono mfukoni, ametupia mashine jicho moja, kisha anamgeukia mwenye nyumba na kusema, "Hii imekufa, mama. Tununue ingine." Imekufa vipi? Umeigusa? Umeisikiliza? Mimi nimestaafu, magoti yanalia nikiinama, lakini neno hilo likinifikia hapa Chepilat nilipo na redio yangu, bado naweza kuvuta mfuko wa spana chini ya kitanda na kutoka.

Hivyo ndivyo nilivyotoka mwezi wa saba uliopita, baada ya simu ya Gogo Tabutany wa Chepseon; Gogo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita bibi.

"Mokaya," akaniambia, bila hata salamu, na huyo ni mama ambaye kwa kawaida salamu zake peke yake humaliza salio. "Ile bampu uliweka wamesema imekufa. Sasa wanataka kunipeleka Soin."

Niliuliza pampu inahusiana vipi na Soin. Akanieleza, huku anakohoa, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira.

Lakini kwanza niwaeleze hiyo pampu ni ya nini, kwa maana wengi wenu mmezaliwa mkijua joto la nyumba ni jiko la makaa tu. Nilifanya kazi ya mabomba katika karakana ya shamba moja kubwa la chai Kericho mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa nyumba za mameneja, zile za mawe zilizojengwa na Wazungu waliokuwa wanaogopa baridi yetu. Nyuma ya nyumba kuna kibanda, na ndani ya kibanda kuna boila ya kuni. Moto unapasha maji, pampu ndogo ya umeme inayasukuma, yanapita kwenye mabomba mpaka kwenye vyuma vipana vilivyofungwa ukutani katika kila chumba. Tulivyozoea kuviita ni rejeta, kama za lori. Maji yakishaacha joto lake huko yanarudi kwenye boila kupashwa tena. Ni maji yale yale yanayozunguka, mwaka baada ya mwaka. Shikeni hapo, maji yale yale, kwa sababu ndipo ugomvi wangu na Gogo ulipotokea.

Mzee wake Gogo, mumewe marehemu, alikuwa dereva wa lori la majani chai kwenye shamba letu. Yeye na wenzake walipochanga wakanunua shamba la Mzungu kule Chepseon na kuligawana, hakuna aliyeitaka sehemu yenye nyumba. Walisema ni baridi kama kaburi, vyumba vikubwa, na mapaa ya juu huko ambako hata moshi unapotea. Yeye akaichukua, akaja kuniomba. Niliifufua boila yake siku zangu za mapumziko, nikaweka pampu kwa mkono wangu. Siku ya kwanza rejeta zilipopata moto, Gogo aliegemea mgongo wake pale akakataa kuondoka mpaka chakula kikaungua jikoni. Basi mnaelewa kwa nini simu ile iliniuma.

Gogo sasa ni mgonjwa wa kifua. Daktari alimkataza moshi kabisa, jiko la kuni asilikaribie, hata lile la makaa asiletewe chumbani. Huko Chepseon mwezi wa saba ukungu unashuka asubuhi na hauna haraka ya kwenda. Bila moshi na bila rejeta, mtu wa kifua atakaaje? Ndiyo maana pampu iliposimama, mwanawe Kiprono aliamua mama ahamie Soin kwa binti yake, kule chini kwenye joto. Si uamuzi wa mtu mbaya. Kiprono anampenda mama yake. Lakini alikuwa ameuamua sebuleni na fundi, na mama ameketi pale pale, na hakuna aliyemgeukia kumuuliza. Gogo ana ng'ombe wake hapo, ana kaburi la mzee wake nyuma ya ua wa misipresi, ana kiti chake kanisani ambacho hata wageni wanajua si cha kukaliwa. Huko Soin kuna nini? Kuna joto tu.

Nilipofika nilikuta pikapu uani. Kitanda cha Gogo kilikuwa kimeshafungwa nyuma kwa kamba, miguu juu, na godoro limeviringishwa pembeni. Nilisimama nikakitazama kile kitanda, na nawaambia ukweli, nilitaka kumchapa mtu.

"Chamgei, mzee," Kiprono akanisalimu.

"Chamgei gani, na kitanda cha mama yako kiko kwa gari?"

"Mzee, hata sisi hatupendi. Lakini fundi amesema mashine imekufa, na mama anakohoa usiku mzima. Nifanye nini?"

Fundi mwenyewe alikuwa ndani, kijana anaitwa Dennis, ana mwili wa kazi na viatu vizuri. Alikuwa na chaki. Chaki! Amezunguka nyumba nzima akitia alama ya X kwenye kila rejeta, zile za kung'olewa ziuzwe kama vyuma vikuukuu. Niliona X chumbani kwa Gogo, karibu na pale kitanda kilipokuwa, nikahisi kama ameniandika mimi kifuani.

"Umesema imekufa," nikamwambia. "Nionyeshe ilivyokufa."

"Mzee, imeungua. Ukiwasha inanguruma tu, haizunguki, na inashika moto mbaya. Na boila inagonga gonga ukuta ndani."

"Inanguruma?"

"Ndio."

"Maiti inanguruma?"

Kiprono alicheka kidogo kisha akakumbuka kwamba si siku ya kucheka.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo kazi ilipo. Pampu iliyoungua kweli huwa kimya, au inakata umeme wa nyumba nzima, au inanuka ile harufu ya waya zilizoungua ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Pampu inayonguruma bila kuzunguka ina nguvu zake zote. Umeme unafika, mota inasukuma, lakini shafti, ule mhimili wa ndani unaozunguka, imekwama. Imenata. Mwalimu wangu wa kazi, Mzee Mosonik, alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha pampu na mpini wake sikioni, anafunga macho, anasikiliza kama daktari. Akimaliza anasema, "Huyu amefungwa miguu. Mfungue." Huko kusikiliza hakuhitaji mtambo wowote. Kunahitaji mtu anyamaze kidogo, na hilo ndilo linalowashinda wengi.

Na nyundo! Nani aliwafundisha kupiga pampu na nyundo? Nilikuta alama ya nyundo kwenye ile ya Gogo, nikamuuliza Dennis, akasema alitaka kuishtua. Kuishtua! Ukigonga unaweza kupasua kifuniko au kupinda shafti, kisha kweli itakuwa imekufa, na muuaji ni wewe.

Nilianza na moto. Boila ikiwa na moto na pampu imesimama, maji yanachemkia mahali pamoja, ndiyo hiyo kugonga gonga aliyokuwa anaisikia. Tukatoa kuni zote zilizokuwa zinawaka, magogo ya mkaratusi, tukayamwagia maji nje. Tukasubiri. Dennis hakupenda kusubiri, alikuwa akitazama simu. Nikapitisha kiganja karibu na mabomba: linalotoka kwenye boila lina moto, lakini ng'ambo ya pampu limepoa kabisa. Basi maji hayapiti. Nikazima umeme kwenye swichi, na si kuzima tu, nikachomoa fyuzi nikaitia mfukoni mwangu, kwa sababu katika kila nyumba kuna mtu anayependa kuwasha swichi aliyoikuta imezimwa. Kisha nikafunga koki mbili, moja kila upande wa pampu.

Msiruke hizo koki. Mzee Mosonik, bingwa mwenyewe, aliziruka siku moja. Bibi wa meneja alikuwa anamwongelesha, naye alikuwa anapenda sana kujibu. Akafungua ile skrubu kubwa ya mbele ya pampu huku anaeleza habari za kwao, na maji meusi yenye moto yakaruka yakapita juu ya bega lake mpaka kwenye vitambaa vyeupe vya meza vilivyoanikwa. Yeye aliponea chupuchupu. Vitambaa havikupona. Mpishi wa nyumba ile alimwita Mzee Wino mpaka anastaafu, na kila alipoitwa hivyo alikuwa anatugeukia sisi wanafunzi wake: "Koki kwanza. Mdomo baadaye."

Basi nikaweka beseni na kitambaa chini, nikailegeza ile skrubu ya mbele. Maji kidogo yakachuruzika, meusi ti. Ndani yake kuna ncha ya shafti, na ncha hiyo ina mfuo, umewekwa pale kiwandani na mtu mwenye akili, ili bisibisi iingie. Nikaingiza bisibisi, nikajaribu kuzungusha. Haikusogea.

"Si nilikuambia?" Dennis akasema.

"Umeambiwa na nani kwamba tumemaliza? Shika wewe."

Nikampa bisibisi. Nikamwambia asitumie mabega, atumie vidole. Kidogo kulia, kidogo kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayetoa msumari kwenye mbao nzuri asiyotaka kuipasua. Kijana alianza kwa hasira, kisha akatulia. Ghafla akaniangalia.

"Imesonga."

"Endelea."

"Mzee, imesonga! Inazunguka!"

Uso wake uliniondolea nusu ya hasira zangu. Huyu kijana si mjinga. Amesoma, ana mikono mizuri. Ila hao waliomfundisha walimwonyesha namna ya kutoa pampu kwenye boksi na kuifunga, basi. Hakuna aliyemfungulia moja iliyokwama. Nawakasirikia hao kuliko yeye.

Lakini hatukurudisha skrubu tukaenda zetu. Maji yale meusi yalikuwa yananisumbua. Kitu kilichonatisha shafti ni tope la kutu, na kutu haitoki hewani, yaani, hapana, ndiyo inatoka hewani, na hilo ndilo lilikuwa swali langu. Maji yanayozunguka yale yale kwa miaka humaliza hewa yake mapema, na yakishaimaliza hayali chuma tena. Sasa tope hili lote limetoka wapi? Tulilegeza zile bolti nne, tukatoa kichwa cha pampu, tukakuta humo ndani kumejaa uji mweusi. Tukausafisha kwa siki na mswaki wa zamani. Nikapanda darini, huku Kiprono ameshika ngazi na kuomba Mungu kimoyomoyo, nikaangalia lile tangi dogo linaloongeza maji kwenye mabomba yakipungua. Boya lilikuwa chini na maji yalikuwa yanaingia. Maana yake kuna mahali maji yanatoka.

"Dennis, zunguka nyumba. Fuata kila bomba. Tafuta panapovuja."

Alienda, akakaa, akarudi na matope kwenye vile viatu vizuri.

"Mzee, hakuna mahali inavuja. Lakini kuna koki huku nyuma, kwa ukuta unaangalia boma la ng'ombe. Imeunganishwa na bomba ya rejeta. Na kuna ndoo chini yake."

Koki. Kwenye bomba la rejeta. Hapo niliwaka. Nilitoka nikaiona kwa macho yangu, bomba zuri nililolifunga mwenyewe limekatwa na kuungwa mfereji kama wa uwanjani. Nikarudi sebuleni nikiongea peke yangu kwa sauti. Nikasema ni mpumbavu gani amefanya kazi hii. Nikasema mtu wa namna hiyo hafai kukaribia hata bomba la kunywea soda. Kila ndoo inayotolewa hapo, tangi la juu linaingiza maji mapya yenye hewa mpya, na hewa mpya inakula chuma upya, na kutu inaenda kukaa kwenye pampu. Halafu kuanzia mwezi wa kwanza, jua likiwaka, boila inazimwa, pampu inasimama miezi yote hiyo ndani ya tope lake, na baridi ikirudi watu wanashangaa imenata! Nikasema nikimpata huyo mtu nitamtia ndani ya boila yenyewe.

Gogo alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amejifunika shuka na sweta mbili. Alikuwa kimya tangu nifike.

"Ni mimi," akasema.

Nikageuka.

"Ni mimi nilisema iwekwe. Sasa nitie kwa boila."

"Gogo, mimi sikujua..."

"Hujaniuliza. Hakuna mtu ananiuliza kitu kwa hii nyumba." Akakohoa, tukangoja. "Wewe Mkisii, unajua ng'ombe? Asubuhi hapa ni baridi, ukimwosha Chelel matiti na maji baridi, anafunga maziwa, hashushi hata kikombe. Anakupiga teke na ako na haki. Mimi naona moto inakula kuni zangu, maji ya moto inazunguka zunguka kwa ukuta, haioshi mtu, haipiki chai, inarudi vile ilienda. Nikauliza, hii maji inafanya kazi gani? Si hata ng'ombe ipate kidogo?"

Nimefundisha watu wengi kazi ya boila, lakini sikuwahi kumweleza mwenye nyumba kwa nini maji yale hayaguswi. Nilimweleza mzee wake labda, wanaume wawili kibandani, na yeye akipita na ndoo mkononi. Mama wa Kipsigis anayeamka kukamua na kuona maji ya moto yakipita bure ukutani, mlitaka afanye nini? Ningekuwa na ng'ombe ningeweka koki mbili.

Kwa hiyo nilipunguza sauti, nikaketi karibu naye, nikamweleza yote: hewa, kutu, tope, shafti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hivyo nikitoa maji, nakula bampu."

"Unakula pampu."

"Na ng'ombe wangu?"

Hapo nilimchukua polepole mpaka mlango wa kibanda. Nikamwonyesha mgongo wa boila, bapa, mpana, ambao moto ukiwaka huwezi kuuwekea mkono. Nikamwambia, weka sufuria kubwa hapo juu jioni. Asubuhi anayekuja kuwasha moto anakutolea nje maji ya kumtosha Chelel na ndama wake.

"Si sufuria itajaa masizi?"

"Ng'ombe anaangalia masizi?"

Alicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akaniuliza kama kuna lingine analotakiwa kujua, kwa sauti ya mtu ambaye amechoka kuambiwa nusu nusu. Nikamwambia liko. Hata miezi ya jua, boila ikiwa baridi, kila Jumapili akirudi kanisani awashe pampu, izunguke mpaka chai ichemke, kisha azime. Pampu isilale kamwe miezi mizima.

"Na nikikosa kanisa?"

"Basi utakuwa na kesi mbili."

Tuliziba ile koki. Tukamwaga maji yote ya mabomba, yakatoka kama kahawa, kisha kama chai ya rangi, mwisho yakatoka safi. Tukarudisha kichwa cha pampu na gasketi mpya niliyoikata kwenye tyubu ya zamani ya gari. Tukajaza upya, tukapita chumba kwa chumba tukitoa hewa kwenye kila rejeta, na Dennis ndiye aliyeshika ufunguo. Zikafanya sss, zikatema mate, zikanyamaza. Nikatoa fyuzi mfukoni. Nikamwambia Dennis awashe.

Pampu ilitikisika kidogo, ikaingia kazini. Hakuna kunguruma. Nikampa bisibisi aweke mpini sikioni. Alisimama hivyo muda mrefu, macho amefunga, na sikumharakisha. Kisha tukawasha moto upya kwenye boila, rejeta zikaanza kupata joto.

Kiprono alikuwa anazunguka uani akiangalia jua. Alikuwa amemwambia dada yake watafika Soin kabla giza halijaingia, na dada alikuwa ameshapiga simu mara kadhaa. "Mzee," akaniambia, "nashukuru sana. Lakini tayari tumepanga. Si inaweza kukwama tena?"

"Inaweza," nikasema. Sikutaka kumdanganya. "Hata gari lako linaweza kukwama kabla ya Soin. Lakini mimi sio wa kuulizwa. Aliyepangiwa yuko ndani."

Kiprono aliangalia kile kitanda kilichofungwa miguu juu, nami nikaona aibu inampanda taratibu, nikaiacha ipande yenyewe.

Tulipoingia, Gogo alikuwa chumbani kwake. Chumba kilikuwa kitupu, sakafuni kumebaki alama nne za miguu ya kitanda. Alikuwa amesimama ameegemeza mgongo kwenye rejeta, vile vile kama siku ile ya kwanza, na sweta moja ameshaivua. Kisha akageuka, akalowesha pembe ya leso yake kwa mate kama anavyofutwa mtoto usoni, akaifuta ile X ya chaki. Aliifuta mpaka ikaisha, akapitisha mkono kuhakikisha.

"Kiprono," akaita, ijapokuwa Kiprono alikuwa mlangoni.

"Ee, mama."

"Shusha kitanda changu."

"Mama, lakini dada anangoja. Nimwambie nini?"

"Mwambie aje yeye," Gogo akasema. "Huku kuna joto."